Kuzindua Riwaya ya Upelelezi Ukunda: Shangwe, Hesabu na Wasomaji

Mashindano ya kuandika hadithi yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958 yalimpa ushindi wa kwanza mhariri wa magazeti wa Unguja, Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Mswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ulitoka kitabu mwaka 1960, na ndani yake wasomaji wakakutana na Bwana Msa, mpelelezi mtulivu mwenye kiko mdomoni, pamoja na mwenziwe Najum. Waliompenda walisubiri miaka minane. Kisima cha Giningi kilipotoka mwaka 1968, kikafuatwa na Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), hapakuwa tena na haja ya kumweleza mtu Bwana Msa ni nani.

Kungojewa huko ndiko kupokelewa hasa kwa riwaya ya upelelezi. Msomaji wa aina hii ya vitabu harudi kwa sababu ya mapambo ya ukumbi wala wingi wa picha za uzinduzi. Anarudi kwa sababu kitabu cha kwanza kilimkosesha usingizi, na kwa sababu anajua cha pili atakipata wapi na kwa bei gani. Mwandishi wa Ukunda anayejiandaa kuzindua riwaya yake mwaka huu ana kila haki ya kusherehekea, maana kumaliza riwaya ni kazi ya miaka. Ila sherehe yenyewe aipange akianzia kwa huyo msomaji, kisha arudi nyuma hadi kwenye ukumbi, chakula na bango.

Msomaji huyo anajulikana. Ni mhudumu wa hoteli anayekwenda zamu ya jioni Diani akiwa na nusu saa ya kungoja gari njia panda ya Ukunda. Ni mwalimu wa Msambweni, ni mwanafunzi wa kampasi ya Kwale ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ni dereva wa tuktuk anayesubiri abiria nje ya uwanja mdogo wa ndege, ni mama mwenye duka la leso ambaye alisoma Siku Njema ya Ken Walibora akiwa shuleni na tangu hapo hajapata riwaya nyingine ya kumshika. Wengi wao hawana duka la vitabu vya hadithi karibu nao. Maduka mengi ya mjini yanauza vitabu vya kiada na madaftari, na anayetaka riwaya huambiwa avuke Likoni. Kwa hiyo siku ya uzinduzi huenda ikawa ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo kitabu cha Kiswahili cha kusisimua kimemfuata msomaji hadi mlangoni kwake. Ni makosa kuifanya siku hiyo iwe ya hotuba.

Kabla ya tarehe kutangazwa, kitabu kiwe tayari, na maana ya tayari ni kwamba nakala zimeshatoka kiwandani na mwandishi amezifungua mwenyewe akaona kurasa zote zimo na zinafuatana. Kutangaza tarehe huku mswada ungali kwa mhariri ni kujitia kitanzi. Riwaya ya upelelezi haivumilii uhariri wa haraka. Katika riwaya ya mapenzi, jina la mtaa likikosewa msomaji husamehe. Katika riwaya ya mauaji, ikiwa maiti ilivaa shati jeupe ukurasa wa 12 na la buluu ukurasa wa 90, msomaji makini ataamini huo ni ushahidi, ataushikilia hadi mwisho, na atakapogundua kuwa lilikuwa kosa tu hatakuamini tena. Mbali na mhariri wa lugha, atafutwe mtu wa pili asome akiwa na karatasi pembeni ya kuandika saa, siku, nguo, magari na nani alijua nini lini. Mtu huyo si lazima awe msomi wa fasihi. Karani wa mahakama, nesi au askari mstaafu anaweza kuona tundu ambalo mhariri hakuliona.

Kuna pia shughuli za karatasi, ambazo wengi huzikumbuka kitabu kikishatoka. Namba ya ISBN kwa Kenya hutolewa na Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa. Hakimiliki huanza pale tu kazi inapoandikwa, na kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini kuisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, humpa mwandishi cheti cha kuonyesha mambo yakifika kwa wakili. Sheria ya Vitabu na Magazeti nayo inamtaka mchapishaji, hata yule anayejichapishia mwenyewe, awasilishe nakala kwa msajili muda mfupi baada ya kitabu kutoka. Anayejichapishia ahesabu nakala hizi tangu mwanzo, kwa kuwa hazitauzwa.

Sasa kuna jambo linalostahili muda zaidi ya ukumbi na chakula, nalo ni yaliyomo ndani ya kitabu na wanayoishi nayo watu wa Kwale.

Kusini mwa Pwani hakukosi visa. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, bunduki zikaibwa, na fujo zilizofuata ziliwahamisha maelfu. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi katika bahari ya nje ya Kenya na Tanzania, na mwezi Agosti mwaka huohuo serikali ya Kenya ikailipua baharini meli ya Al Noor iliyokutwa na shehena nyingine. Mgodi wa titani wa Kwale ulisafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014, ukafunga uchimbaji mwishoni mwa 2024, na familia zilizohama Maumba na Nguluku kuupisha bado zinasimulia. Shimoni yapo mapango ambayo wageni huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu kabisa na hoteli za Diani, umo katika kundi la kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008. Mwandishi wa taharuki aliyezaliwa hapa hana haja ya kwenda kuazima genge la New York.

Lakini utajiri huu una wenyewe. Aliyepoteza nduguye mwaka 1997 huenda atakaa safu ya mbele siku ya uzinduzi. Mama ambaye mwanawe ameharibiwa na heroini anaweza kununua kitabu akitarajia kuona uchungu wake, akakuta teja wa kuchekesha anayekufa ukurasa wa tatu ili hadithi isogee. Mwandishi ajiulize kuhusu kila mtu anayekufa katika kitabu chake: je, jamaa za mtu wa aina hii wakisoma hapa, wataona kwamba aliyeandika aliwajali? Swali hili haliipunguzii riwaya makali. Linamlazimisha mwandishi kumpa aliyekufa jina, kazi na watu wanaomlilia, na msomaji anayemjua aliyekufa hufuatilia muuaji kwa hamu kubwa zaidi.

Kuna hatari moja ambayo mwandishi wa Kwale au Kilifi hana ruhusa ya kuipuuza. Katika kaunti hizi mbili wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingine nyuma yake kukiwa na tamaa ya shamba. Riwaya inayomleta mzee mwenye mvi na macho mekundu, ikathibitisha mwishoni kwamba kweli ndiye aliyewaua vijana kwa uganga, inakwenda kukaa katika nyumba ambazo uvumi kama huo ungali hai. Bwana Msa alifanya kinyume: watu humzunguka wakiongea mizimu na mashetani, naye hutafuta nyayo, sababu na mtu mwenye faida. Hadithi kama hizo Pwani inazihitaji leo. Mpelelezi wa kubuni wa Ukunda akigundua kwamba mzee alisingiziwa na mpwa wake aliyetaka hatimiliki ya ardhi, taharuki inabaki palepale na ukweli unakuwa mkubwa zaidi.

Upande wa sheria, kisa kikiwa kimepita mahakamani au kimeandikwa magazetini, mwandishi anaweza kukitegemea kwa yale yaliyo kwenye rekodi. Uvumi wa baraza la kahawa haufai kubandikwa kwa mtu anayetambulika. Kubadili jina peke yake hakutoshi ikiwa mhusika ana hoteli ya ghorofa idadi ileile, gari la rangi ileile na wake idadi ileile. Kenya ina sheria ya kashfa, na mwenye pesa za kuajiri wakili ndiye huwa wa kwanza kujiona kitabuni. Na kwa anayetaka kupeleka sura moja ndani ya Kaya Kinondo, awatembelee wazee wa kaya kwanza, ajifunge kaniki kama wageni wengine, aulize kipi kinasemeka na kipi hakisemeki. Wazee walioheshimiwa hivyo huja wenyewe kwenye uzinduzi, na kuja kwao kuna uzito kuliko hotuba ya mheshimiwa yeyote.

Kuhusu pesa, ni bora mfano wa hesabu kuliko maneno. Tuseme mwandishi anajichapishia nakala 300, kila moja inamgharimu shilingi 350 kiwandani. Hiyo ni 105,000. Tuseme mhariri alilipwa 40,000, mchoraji wa jalada 15,000, na shughuli ya siku ile ikamla 30,000. Jumla ni shilingi 190,000. Akiuza kwa mkono wake kwa shilingi 700, nakala 272 zinarudisha gharama zote, na 28 zinazobaki ni faida. Akizipeleka zote 300 madukani, na maduka yakichukua asilimia 35 ya bei, yeye anabaki na shilingi 455 kwa nakala, jumla 136,500. Amepata hasara ya shilingi 53,500 ingawa kitabu kimekwisha chote na watu wanampongeza. Bei za viwanda na maduka hutofautiana, kwa hiyo kila mmoja aweke tarakimu zake, lakini umbo la hesabu halibadiliki: chapa ndogo hulipwa na mauzo ya mkono kwa mkono, na siku ya uzinduzi ndiyo soko kubwa la aina hiyo.

Ndiyo maana meza ya mauzo iwe mlangoni, si nyuma ya jukwaa. Akae hapo mtu mmoja mwaminifu, asiye mwandishi, mwenye chenji, daftari na namba ya Lipa na M-PESA iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kila mnunuzi aombwe kwa hiari jina na namba ya simu ili ajulishwe kitabu kijacho kikitoka, na orodha hiyo isitumiwe kwa jambo jingine lolote. Wateja 150 walionunua na kukubali kuarifiwa wana faida kuliko wageni 400 waliokuja kula pilau. Kuhusu chakula, kahawa chungu, mahamri na viazi karai vinamtosha mgeni wa alasiri. Fedha za biriani ziongezwe kwenye uhariri.

Tarehe na saa zina siri yake Ukunda. Kati ya Aprili na Juni mvua za masika na kupungua kwa watalii huwaacha wafanyakazi wengi wa hoteli wakiwa nyumbani bila mshahara, na Desemba wana mshahara ila hawana nafasi ya kupumua. Mwezi wa Ramadhani una shughuli zake, na kwa kuwa husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kalenda iangaliwe mapema. Julai hadi Septemba pana nafuu. Ndani ya kipindi hicho imo tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ambapo shule na vituo vya redio hutafuta mtu wa kuzungumza naye. Mwandishi aliyetuma barua wiki sita kabla ndiye ataitwa. Wikendi ya kwanza baada ya mishahara ni nzuri kuliko ya katikati ya mwezi.

Kwa saa, Jumamosi kuanzia saa kumi kamili ya jioni, watu wakishaswali alasiri, hadi saa kumi na mbili kabla ya magharibi, ni muda wa kutosha ikiwa hakuna anayechezea dakika. Anayeona haumtoshi afanye asubuhi, saa nne hadi saa sita. Wageni wa Mombasa waelezwe mapema kwamba barabara ya Dongo Kundu ipo, wasije wakakwama kwenye foleni ya feri wakafika kitabu kikiwa kimeshazinduliwa. Ukumbi wa shule, ukumbi wa jamii au mkahawa mpana ulio karibu na barabara kuu hufaa kuliko hoteli ya ufukweni, ambako mwenyeji wa Mwabungo au Mvindeni akifika getini huulizwa anakwenda kwa nani. Mtu asiyejisikia huru kuingia hatanunua kitabu.

Ratiba iwe fupi na iwe ya kitabu. Dua au sala ya kufungua, neno la mwenyeji, usomaji, mazungumzo, maswali, kutia saini. Mwandishi asome mwenyewe kwa dakika saba au nane, akiwa amefanya mazoezi kwa sauti, na achague kipande kinachoishia mahali pabaya: mlango umegongwa, simu imepokelewa na sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa, mshukiwa amepanda feri na mpelelezi amebaki ng'ambo. Faraji Katalambula alijenga Simu ya Kifo, iliyotoka mwaka 1965, juu ya simu inayoleta mauti, na jina lenyewe lilishafanya nusu ya kazi ya kumvuta mtu. Baada ya kipande hicho, kitabu kifungwe. Anayetaka kujua mlangoni kuna nani, meza iko pale.

Atakayezungumza na mwandishi jukwaani awe amekisoma kitabu hadi mwisho na awe ameahidi kutokifichua. Mwalimu mzuri wa Kiswahili anatosha kabisa. Mgeni wa heshima ambaye hajafungua hata ukurasa mmoja ataanza na kusifu vijana, ataingia barabara na maji, atamaliza na uchaguzi, na saa kumi na mbili itaingia hakuna aliyeuliza swali. Iwapo lazima mwanasiasa aalikwe, na Kwale mara nyingine adabu inalazimu, aombwe afanye jambo moja la maana mbele ya watu: anunue nakala kumi azipeleke kwenye maktaba za shule za wadi yake.

Redio ndiyo inayofika pale gazeti lisipofika. Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma zinasikika sana, na mtangazaji akipewa nakala wiki mbili kabla, pamoja na karatasi moja yenye muhtasari usiofichua mwisho na maswali matano, atamwita mwandishi studio. Taifa Leo imekuwa kwa miaka mingi ukumbi wa wapenzi wa Kiswahili nchini. Uhakiki mfupi ulioandikwa na msomaji huru una thamani kuliko tangazo la kulipia. Mwandishi asiuandike mwenyewe akatia jina la rafiki. Wasomaji wa upelelezi hugundua.

Kisha sherehe inakwisha, viti vinarudishwa, na mambo magumu yanaanza. La kwanza ni jamaa. Mwezi mzima simu zitaita: mwanangu, kile kitabu chako mbona hujaniletea, au si mimi niliyekulea? Haiwezekani kumjibu shangazi kwa hesabu za kiwanda. Njia nzuri ni kutenga tangu mwanzo nakala chache za zawadi, tuseme 15, na kuandika majina ya watakaopewa kabla ya siku ya uzinduzi: wazazi, mwalimu wa kwanza, mzee aliyetoa visa, maktaba. Zikiisha, jibu la upole na heshima lipo: ami, zile za zawadi zimekwisha, lakini nitakuwekea moja kwa bei ya nyumbani na nitakuletea mwenyewe. Wengi watalipa kwa furaha. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko ni pamoja na kununuliwa kazi yake.

La pili ni maoni ya wasomaji, na hapa ndipo waandishi wapya huumia. Atakuja mtu aseme alimjua muuaji sura ya nne. Asibishiwe. Aulizwe alimjuaje, ni sentensi ipi iliyomfunulia, na jibu liandikwe. Watu watano wakitaja sentensi ileile, tatizo limepatikana na litarekebishwa katika chapa ya pili. Wakitaja sentensi tano tofauti, kitabu kiko salama, kwa kuwa kubahatisha ni sehemu ya starehe ya upelelezi. Anayesema lugha imekuwa ngumu au ina Kidigo kingi naye asikilizwe, ingawa si lazima afuatwe. Abdulla aliandika Kiswahili cha Unguja bila kuomba radhi, na kilisomwa hadi bara. Maneno ya Ukunda yabaki mdomoni mwa watu wa Ukunda, mradi maana ionekane katika tukio lenyewe.

Uhakiki mkali wa kuandikwa usijibiwe hadharani hata ukiwa na makosa. Makosa ya ukweli, kwa mfano jina la mwandishi au bei, yanaweza kurekebishwa kwa ujumbe mfupi kwa mhariri. Ladha ya mhakiki ni yake.

La tatu ni wizi. Nakala ya PDF ya kitabu ikianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mwandishi asikae kimya akidhani ni umaarufu. Amwandikie msimamizi wa kundi kwa adabu, aeleze kuwa ni kazi yake yenye hakimiliki, aombe ifutwe, na hapohapo aweke bei na namba ya kulipia. Watu wengi husambaza kwa kutojua. Anayeendelea baada ya kuelezwa, ndipo cheti cha KECOBO kinapotolewa sandukuni. Kinga nyingine ni kutompa mtu faili kamili bila sababu. Mhariri na kiwanda wanalihitaji. Mtangazaji, mhakiki na rafiki wanatosheka na nakala ya karatasi.

Tuzo zifikiriwe mapema pia. Ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, iliyoasisiwa na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, na ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, hutoa zawadi ya fedha kwa kazi za Kiswahili. Mukoma mwenyewe ni mwandishi wa Nairobi Heat, riwaya ya upelelezi. Miongoni mwa kazi zilizotambuliwa katika awamu ya kwanza, mwaka 2015, ilikuwemo Kolonia Santita ya Mtanzania Enock Maregesi, hadithi ya ujasusi na magendo ya dawa za kulevya. Nchini Kenya ipo Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, inayosimamiwa na Chama cha Wachapishaji, yenye kitengo cha Kiswahili. Masharti ya mwaka wa kuchapishwa huwa makali, hivyo mwandishi ayasome kabla ya kuchagua tarehe ya kutoa kitabu, si baada ya kuchelewa kwa wiki mbili.

Hakuna tuzo, hata hivyo, inayomlisha mwandishi wa taharuki kama mfululizo. Elvis Musiba wa Tanzania alimtambulisha Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kitabu kilichochota kisa chake kwenye harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Baadaye akaanzisha kampuni yake, Continental Publishers, na Gamba akarudi katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 na Njama mwaka 1981. Ben Mtobwa naye alikuwa na Joram Kiango, na alikuwa na Heko, kampuni iliyochapisha vitabu vyake. Wote wawili walielewa kwamba mhusika anayerudi hukiuza kitabu kilichopita kila kipya kinapotoka, na kwamba mwandishi anayejua njia za vitabu vyake hadi kwa wachuuzi hakai akimlaumu mchapishaji. Waandishi wa kizazi cha sasa Tanzania wamekwenda hatua nyingine wakaunda UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira. Waandishi wanne au watano wa Likoni, Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga wakishirikiana meza moja kwenye kila uzinduzi, orodha ya wanunuzi wa mmoja inakuwa ya wote kwa idhini ya wanunuzi hao, na gharama ya kwenda Maonyesho ya Vitabu ya Nairobi kila Septemba inagawanyika.

Kwa hiyo ndani ya miezi mitatu baada ya uzinduzi, mwandishi awe amelipa deni la kiwanda, amekusanya maoni, ameweka nakala kwenye maduka mawili au matatu anayoyafikia mwenyewe kukagua, na ameanza sura ya kwanza ya kisa kinachofuata cha mpelelezi wake. Aliyesahau haya akaendelea kuzuru kumbi akisoma kipande kilekile mwaka mzima, atawakuta wasomaji wake wameshahamia kwa mtu mwingine.

Na kwako msomaji wa Kwale, ukisikia riwaya mpya ya Kiswahili imetoka Ukunda, nunua nakala yako na usiombe faili. Ukishaimaliza, mwambie mwandishi ulipomshuku muuaji kwa mara ya kwanza, usimwambie jirani yako, kisha nenda kwenye maktaba iliyo karibu nawe uandikishe ombi la kitabu hicho kwa jina.